Tao la Zambezi kwa Jicho la Fundi wa Moshi

Jioni ya tarehe 31 Machi 1905, juu ya korongo la mto Zambezi, jirani na Maporomoko ya Victoria, nusu mbili za daraja moja zilifikiana angani zikakataa kuingiana. Nusu moja ilitokea ng'ambo ambayo leo ni Zimbabwe, nyingine ng'ambo ya Zambia. Jua lilikuwa limekipiga chuma kutwa, kikatanuka, na ncha za chini za tao zikawa zimepandana kwa zaidi kidogo ya inchi moja. Mafundi wakaacha usiku ufanye kazi yake. Asubuhi ya tarehe 1 Aprili chuma kilikuwa kimepoa, kimerudi kwenye kipimo chake, na vipande vikaingia mahali pake.

Kisa hicho nilisimuliwa na mzee aliyenifundisha kuchomelea hapa Moshi, mtu aliyepitia karakana za reli kabla ya kujiajiri. Alikitoa kila alipomwona kijana anakata chuma saa nane mchana bila kuwaza jioni kitakuwaje. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Zambezi, na amefariki bila kufika. Lakini daraja lipo, linapitisha treni na malori mpaka leo, na umri wake umeshavuka miaka 120. Shemeji yangu, ambaye ni dereva wa malori ya njia ya Zambia, aliponiambia kwamba safari hii angebaki na siku za mapumziko Lusaka na tungeweza kushuka pamoja mpaka Livingstone, niliwaachia vijana funguo za karakana nikapanda.

Kwa asiyeshika chuma kila siku, nieleze kidogo. Kila mita moja ya chuma hurefuka kwa takriban milimita 0.012 joto linapopanda nyuzi moja. Ni kitu kidogo mno. Skwea paipu na engo (vyuma vya pembe) tunazonunua dukani huja na urefu wa mita 6. Itoe moja nje asubuhi ya Julai, Moshi ikiwa na ile baridi ya kukunja mikono, uiache juani mpaka joto lake lipande nyuzi 20. Itakuwa imerefuka milimita moja na nusu hivi. Kwa geti la uani hilo halimsumbui mtu, grenda inamaliza. Sasa chukua tao la mita 156.5. Kila nyuzi moja ni karibu milimita 2. Nyuzi 20 ni karibu milimita 38, yaani inchi moja na nusu.

Hesabu hiyo niliipiga kwenye simu tukiwa kwenye foleni ya Tunduma, lori limezimwa, na nikamwonyesha shemeji. Akaitazama, akauliza: "Sasa shemeji, kama walijua kitatanuka, si wangekikata kifupi kidogo tangu mwanzo?" Ni swali la mtu mwenye akili. Wangekikata kifupi, usiku kingepoa na wangebaki na pengo, na pengo angani halizibwi kwa kijiti cha kuchomelea. Kipimo cha kazi kubwa huwekwa kwa joto fulani lililochaguliwa, halafu mfungaji anasubiri joto hilo lifike. Kazi ile ilihitaji mtu wa kusubiri. Mzee wangu alikuwa akilisema hilo kwa maneno mengine, na pale Tunduma nilifurahi sana kuona maneno yake yamesimama kwenye hesabu.

Safari yenyewe sitaielezea, kila aliyepita njia ile anaijua. Livingstone ndiyo nataka kuizungumzia kidogo kabla ya daraja, kwa sababu nilipofika nilijiona sijaenda mbali.

Zamani, kabla ya reli, watu walivuka Zambezi kwa mitumbwi na mashua sehemu iliyoitwa Old Drift, juu kidogo ya maporomoko. Palikuwa bondeni, kando ya maji, na malaria ilikuwa ikiua watu pale mwaka hadi mwaka. Reli ilipofika na daraja kujengwa, kivuko kikakosa kazi. Wakazi wakahamishiwa sehemu ya juu, yenye mchanga na upepo, na huo ndio mji wa Livingstone, uliokuja kuwa makao makuu ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kuanzia mwaka 1911 mpaka serikali ilipohamia Lusaka mwaka 1935. Mtu wa Moshi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mji wetu nao ulikuwa kule juu, Old Moshi, kwenye boma la Wajerumani karibu na kwa Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa pale. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, stesheni ikawekwa huku chini kwenye tambarare, na mji ukaifuata stesheni. Livingstone walipanda, sisi tulishuka, lakini aliyetuhamisha sote ni reli.

Kutoka mjini hadi kwenye maporomoko ni kilomita kama kumi. Kufika darajani si lazima uvuke kuingia nchi nyingine. Ukiwa na pasi yako ya kusafiria, maofisa wa mpakani wanakupa kikaratasi cha kuingia na kurudi. Unatembea, unaanza kusikia maji kabla hujayaona, kisha miti inaachia na unajikuta juu ya chuma.

Tulikwenda mwezi wa Aprili, wakati mto umejaa. Maporomoko yana upana wa mita 1,708, na maji yanayoangukia shimoni yanarudi juu yakiwa manyunyu, upepo unayachukua na kuyaleta darajani. Nguo zikalowa, simu nikaificha ndani ya shati. Watu wengi darajani walikuwa wamegeukia maporomoko wakipiga picha, na wengine walikuwa wamejazana katikati kuwatazama wanaofungwa kamba miguuni na kurushwa mita 111 kwenda chini. Siwalaumu, maji yale ni makubwa kuliko nilivyowahi kuwaza. Lakini mimi niliinama kwenye ukingo nikaanza kutazama jinsi engo zilivyokutana.

Hebu nikuonyeshe kiungo kimoja tu, kilekile nilichokaa nacho mpaka shemeji akaniita mara ya pili. Mabamba mawili yamelaliana. Juu yake kuna safu za vichwa vya riveti, kila kimoja kimevimba kama nusu ya ndimu, na rangi imepakwa juu ya rangi mpaka mabonde kati ya vichwa yameanza kujaa. Matone yananing'inia kwenye ncha ya chini ya engo, yanakua, yanadondoka, mengine yanachukua nafasi. Pale ambapo tone hukaa muda mrefu pana mstari mwembamba wa kutu, upana wa penseli, na pembeni yake pameshasuguliwa na kupakwa upya. Nilipitisha kidole juu ya vichwa vile. Safu imenyooka. Hakuna kilichopinda, hakuna kilichokaa upande.

Riveti za moto siku hizi mtaani kwetu hakuna anayezipiga; sisi tunachomelea au tunafunga bolti. Lakini kazi yake inafaa kujulikana. Riveti inawekwa motoni mpaka iwe nyekundu, inapachikwa tunduni ikiwa bado nyekundu, mmoja anaikinga upande wenye kichwa, mwingine anaigonga upande wa pili mpaka ifanye kichwa kingine. Halafu inaachwa. Inapopoa inasinyaa, na kwa kusinyaa huko inayabana mabamba kwa nguvu ambayo mkono wa mtu hauwezi. Kwa hiyo kile kilichotokea usiku ule wa Machi kwa tao zima ndicho kilichotokea kwenye kila kichwa nilichokigusa. Daraja lote limefungwa na chuma kilichopoa.

Kuna njia nyembamba chini ya sakafu ya daraja, iliyowekwa kwa ajili ya mafundi wa matengenezo, na wageni wanaruhusiwa kupita na kiongozi wakiwa wamefungwa mikanda. Hapo ndipo ningemshauri kila fundi apite. Ukiwa juu unaona barabara na reli. Ukiwa chini unaona kenchi. Ni kenchi kwelikweli, kwa maana ileile tunayoitumia tukipaua ukumbi: pembetatu juu ya pembetatu, vipande vya kusukumwa na vipande vya kuvutwa. Tofauti ni kwamba kenchi ya ukumbi inakaa juu ya kuta na kuzikandamiza kwenda chini, na hii imejipinda, miguu yake miwili imesimama kwenye mwamba wa kuta za korongo, na inausukuma mwamba kwenda pembeni. Treni ikipita, uzito wake unateremka kwenye tao na kuishia ndani ya jiwe. Kadiri inavyolemewa ndivyo inavyozidi kujikaza kwenye kuta.

Ndiyo maana tao ndilo lililofaa pale. Maji yako mita 128 chini, yanakwenda kwa kasi, na hakuna mahali pa kusimamisha nguzo katikati. Lakini kuta ni mwamba mgumu mweusi uliotokana na volkano, na mwamba mgumu kila upande ndio kitu ambacho tao linakihitaji. Kiongozi wetu, kijana Mzambia aliyekuwa na maneno machache ya Kiswahili aliyoyaokota kwa madereva, alisimama hapo akanionyesha mguu wa tao unapogusa jiwe. "Hapa, fundi," akasema. Sikuwa nimemwambia kazi yangu. Alikuwa amemsikia shemeji.

Chuma chote kile, kiasi cha tani 1,500, hakikutengenezwa Afrika. Kilikatwa na kutobolewa Darlington, kaskazini mwa Uingereza, kwenye kampuni iliyoitwa Cleveland Bridge. Kule kiwandani walikiunganisha kwanza uwanjani kuona kama kinaingiana, kisha wakakifungua, wakakipakia melini mpaka Beira, Msumbiji, na kutoka Beira kikaja kwa treni kupitia Bulawayo hadi ukingoni mwa korongo. Reli ilikuwa imefika pale mwaka 1904. Fikiria kipimo hicho. Tundu limetobolewa kwenye baridi ya Uingereza, riveti inapita ndani yake kwenye jua la Zambezi, na kati ya hapo kuna bahari nzima na mikono isiyohesabika. Mimi nikipima dirisha Kiborloni na kulichomelea Pasua, bado napiga simu kuuliza tena.

Kujenga kulianza kwa kamba. Walirusha roketi ndogo ikavuka korongo ikiwa imebeba uzi, uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya mnene wa chuma, na juu ya waya ule wakaweka chombo cha kubebea watu na mizigo. Hata kichwa cha treni kilifunguliwa vipande vipande kikavushwa kwa waya ule, ili ujenzi wa reli ya kaskazini uendelee bila kusubiri daraja. Kisha kila upande wakaanza kutoa nusu yake ya tao kuelekea katikati, bila kuikinga kwa chini, kwa sababu chini hakuna pa kukingia. Kila nusu ilishikwa kwa nyuma na nyaya za chuma zilizofungwa kwenye mwamba. Kazi nzima ilichukua miezi 14 na kugharimu pauni 72,000.

Chini ya waliokuwa wakifanya kazi palitandazwa wavu mkubwa wa kuwadaka. Inasimuliwa kwamba mwanzoni baadhi yao waliuchukia, wakisema unawakumbusha kuanguka. Mimi niliposikia habari za wavu ule niliwaza kitu kimoja tu: hiyo ilikuwa 1904. Leo hii katika miji yetu bado vijana wanapanda ghorofa ya nne kupaua wakiwa na ndala, mkanda hakuna, wavu hakuna, na mwenye nyumba yuko chini anawahimiza wamalize kabla ya mvua. Nimezika rafiki kwa ajili hiyo. Fundi anayesoma hapa, mkanda mmoja wa usalama ni bei ya siku chache za kazi. Nunua.

Majina yanayotajwa darajani ni ya wahandisi. Yupo George Hobson, aliyesimamia usanifu katika ofisi ya Sir Douglas Fox. Yupo Georges Imbault, Mfaransa aliyeongoza ujenzi pale korongoni. Na yupo Ralph Freeman, aliyepiga mahesabu, ambaye daraja lilipofunguliwa alikuwa hajatimiza miaka 25. Freeman huyo ndiye baadaye aliyehusika na lile tao kubwa la bandari ya Sydney, Australia, lililofunguliwa mwaka 1932, na daraja la Birchenough juu ya mto Save, Zimbabwe, la mwaka 1935. Nilipotoka nikatafuta picha za yote matatu nikaziweka pamoja. Unaona mkono uleule unakua.

Lakini hata wahandisi walikuwa wanatumikia ndoto ya mtu mwingine. Cecil Rhodes, yule tajiri wa Kiingereza aliyeongoza ukoloni wa kusini mwa Afrika, alitaka reli moja ipite katika ardhi ya Waingereza kutoka Cape mpaka Cairo, na alitaka daraja lijengwe mahali ambapo mabehewa yatarushiwa manyunyu ya maporomoko. Alifariki Machi 1902. Hakuwahi kuyaona maporomoko yale kwa macho yake. Tarehe 12 Septemba 1905 daraja likafunguliwa na Profesa George Darwin, mtoto wa Charles Darwin.

Nitasema ninachofikiri kama mpaka rangi wa vyuma. Kuweka chuma kwenye manyunyu kwa ajili ya raha ya abiria ni kuwapa mafundi kazi isiyoisha. Kila mwaka maji yale yanashuka juu ya riveti zile, na kila mara lazima awepo mtu wa kusugua kutu, kupaka, kukaza, kukagua. Aliyetamani manyunyu hakuyapaka rangi. Na mahali penyewe palikuwa na wenyewe. Watu wa Leya, ambao chifu wao ni Mukuni, wanapaheshimu pale kwenye Mosi-oa-Tunya, jina la wenyeji la maporomoko yale, kama mahali pa wahenga wao na pa maombi yao, tangu kabla David Livingstone, mmisionari wa Kiskoti, hajaletwa kwa mtumbwi Novemba 1855. Sikuona heshima hiyo katika ile hamu ya kupitisha treni karibu iwezekanavyo. Naipenda kazi ya mikono iliyofanyika pale kwa moyo wangu wote, na hamu iliyoiagiza siipendi.

Sasa njoo kwenye jambo lililonifanya nikose usingizi usiku ule Livingstone.

Januari 1973 serikali ya walowezi ya Ian Smith, iliyotawala Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilifunga mpaka wake na Zambia, na Zambia nayo ikaamua kutoufungua upande wake. Daraja likabaki zima, halina ubovu hata wa riveti moja, lakini nchi nzima yenye shaba ya kuuza ikawa imekatwa njia yake ya kusini. Tarehe 25 na 26 Agosti 1975 wakasimamisha mabehewa ya treni katikati ya daraja, wakakutana humo: Smith na wapigania uhuru wa Zimbabwe, Rais Kaunda wa Zambia na Vorster wa Afrika Kusini wakiwa wasuluhishi. Mpaka wa nchi ulipita humohumo walimokaa, kila upande ukiwa kwenye ardhi yake. Mazungumzo yakavunjika.

Jibu la kweli la kufungwa kule lilikuwa linajengwa kwetu. Nyerere na Kaunda waliwaomba Wachina, na kati ya mwaka 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, yenye madaraja zaidi ya 300, likiwemo lile la Mpanga kati ya Mlimba na Makambako. Wazambia wakapata bahari bila kumwomba Smith ruhusa. Mnamo Oktoba 1978 Kaunda aliirudisha njia ya kusini kwa sababu ya shida ya mbolea, na uhuru wa Zimbabwe ulipokuja mwaka 1980 daraja likarudi kuwa daraja. Siku hizi mzigo umepungua hapo, tangu daraja la Kazungula la Zambia na Botswana lifunguliwe Mei 2021 na malori mengi kuhamia kule. Shemeji anasema ni nafuu kubwa. Mimi nafurahi kwa ajili ya lile tao zee.

Kuna kipimo kimoja katika habari hii ambacho kila fundi wa Moshi angepaswa kukijua. Reli iliyo juu ya daraja la Zambezi ina upana wa milimita 1,067. TAZARA ilijengwa kwa upana huohuo makusudi, ili mabehewa yapite. Ndiyo maana treni ya watalii inaweza kuondoka Cape Town, ikapita juu ya tao lile, ikafika Dar es Salaam bila mtu kubadilisha gurudumu. Lakini reli yetu, ile ya Wajerumani kutoka Tanga ambayo Waingereza waliifikisha Arusha mwaka 1929, ina upana wa milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67. Siyo upana wa kiganja changu. Kwa sababu ya milimita hizo, behewa lililovuka Zambezi linaishia Dar es Salaam, na Moshi halifiki. Kule Kidatu, TAZARA inapokutana na reli ya kati, mzigo unashushwa behewa moja na kupandishwa jingine. Na reli mpya ya kisasa imekuja na milimita 1,435.

Mwaka 1904 watu walitoboa tundu Darlington likalingana na tundu la Zambezi. Chuma hakijawahi kuwa na tatizo la kulingana. Waliopima reli zetu walikuwa wanapima kila mmoja kwa ajili ya dola yake, na walipoondoka walituachia vipimo vyao. Nasema hivi nikiwa na furaha ya kweli kwamba treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019. Nilikuwepo stesheni, na kina mama walipiga vigelegele. Nawaza tu ingekuwaje kama ile njia iliyojengwa na wenyewe ingefika mpaka huku kwetu.

Ile kampuni ya Darlington imeshafungwa, tangu mwaka 2021. Kazi yake ipo, kiwanda hakipo. Wahandisi wake wameandikwa. Waliovuta kamba, waliobeba engo begani kutoka kwenye behewa hadi ukingoni, waliolala kwenye mahema ya pale wakati wa malaria, Waafrika wa ng'ambo zote mbili, niliuliza majina yao na sikupata hata moja. Kiongozi wetu alisema babu wa babu yake huenda alikuwemo. Huenda.

Kwa TAZARA hatujachelewa hivyo. Wachina waliofia kazi ile wana makaburi yao Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na majina yamechongwa. Maelfu ya Watanzania na Wazambia walifanya kazi nao bega kwa bega, na aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 leo ana zaidi ya miaka 70. Wapo hai. Baadhi walitoka huku Kilimanjaro na Arusha, wakarudi, wakalima kahawa, wakafungua vigenge, na wajukuu wao hawajui kwamba babu aliwahi kulaza mataruma ya zege kwenye bonde la Kilombero.

Nimeanza kuwatafuta. Nimeshaongea na mzee mmoja wa Marangu ambaye alinichorea mchangani jinsi walivyokuwa wakiinua boriti la zege, na mchoro ule nimeupiga picha. Kama una baba, babu, mjomba au jirani aliyefanya kazi kwenye reli ile, au kwenye karakana za reli ya Tanga na Moshi, niandikie hapa chini nitamfuata alipo, hata kama ni Rombo au Same. Sitamchosha. Nataka jina lake kamili na kijiji alichotoka, genge lake lilikuwa la wangapi, nani alikuwa akipima, walipima kwa kifaa gani, saa ngapi za siku walikataa kufunga chuma, na nani alianguka.